Kabla ya Kukata Tiketi ya Ndege, Pima Safari Kuanzia Ikwiriri

Ukiuliza pale Ikwiriri safari ya ndege kwenda Mwanza inachukua muda gani, utajibiwa upesi: saa moja na nusu. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linalowachelewesha watu wengi. Saa moja na nusu ni muda wa kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi Uwanja wa Ndege wa Mwanza. Wewe hukai uwanjani. Unakaa Ikwiriri, kilomita kama 160 kusini mwa jiji, na kati yako na ngazi za ndege kuna Kibiti, Bungu, Mkuranga, Vikindu, Kongowe na foleni ya Mbagala.

Makala haya ni kwa watu wa Rufiji na Kibiti ambao sasa wanapanda ndege zaidi ya zamani: wanaokwenda kuzika na kuuguza, wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara wa korosho na ufuta, mahujaji, na vijana wanaokwenda Uarabuni kutafuta kazi. Ushauri wangu ni mmoja, na yote yatakayofuata yanautumikia: umbali na muda ulioandikwa kwenye tiketi huhesabiwa kutoka uwanja hadi uwanja, lakini safari yako ihesabu kutoka mlango hadi mlango. Ukifanya hivyo utajua ni wapi ndege inakusaidia, na ni wapi inakula fedha zako bure.

Umbali wa angani unapimwaje

Umbali wa ndege unaotajwa mtandaoni au na wakala wa tiketi ni wa mstari wa moja kwa moja juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana huwa mfupi kuliko wa barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza angani ni kilomita kama 850, ilhali kwa barabara ni zaidi ya 1,100. Kwenda Uwanja wa Kilimanjaro ni kama 450, Dodoma kama 390, Mtwara kama 400, Mafia kama 125, na Zanzibar ni kilomita 73 tu. Nairobi ni kama 665.

Angalia kipimo kilichotumika. Baadhi ya vikokotozi vya mtandaoni hutoa jibu kwa maili, na maili ziko za aina mbili. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.6, na maili ya baharini, ambayo ndiyo ya marubani, ni kilomita 1.852. Safari ileile ya Mwanza inaweza kuandikwa 850, au 530, au 460, na zote zikawa sahihi. Anayelinganisha njia mbili bila kutazama kipimo anaweza kudhani moja ni fupi kumbe ni ileile.

Ndege yenyewe huwa haifuati mstari huo kwa ukamilifu. Uwanja wa Dar es Salaam una njia kuu ya kurukia inayoelekea kaskazini-mashariki upande mmoja na kusini-magharibi upande wa pili, na ndege huruka kuukabili upepo. Inayokwenda Mwanza inaweza kuanza kwa kuelekea upande wa bahari, kisha ikageuka. Baada ya hapo hufuata njia za anga zilizopangwa, na inapokaribia kutua huweza kuzungushwa kusubiri zamu. Kwa hiyo kilomita za kwenye kikokotozi zichukue kuwa ndizo chache kabisa ambazo ndege itakwenda.

Namna ya kukisia muda wa ndege

Hesabu ni nyepesi, unaweza kuifanya kichwani. Kwa ndege ya jeti, gawa kilomita kwa 800, halafu ongeza nusu saa kwa ajili ya kutembea chini, kupaa na kushuka. Mwanza: 850 kwa 800 ni saa moja na dakika chache, ongeza nusu saa, unapata kama saa moja na nusu. Kwa ndege ya pangaboi ya abiria 70 na kitu, kama zile za Bombardier za Air Tanzania, gawa kwa 600. Kwa ndege ndogo ya injini moja, aina ya Cessna Caravan zinazokwenda Mafia na mbugani, gawa kwa 300 na uongeze dakika 10: Mafia inakuwa kama dakika 35.

Kumbuka kwamba muda wa kwenye ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inapoegeshwa tena. Dakika za kuwa hewani ni chache kuliko hizo. Katika safari fupi, sehemu kubwa ya muda huishia kwenye kupaa na kushuka, ndiyo maana jeti haiipiti sana pangaboi kwenda Dodoma au Mtwara. Usilipe zaidi kwa sababu tu umeambiwa ndege hii ina kasi.

Uliza pia kama ndege inatua njiani. Safari za ndani huweza kupitia uwanja mwingine kabla ya kufika kwako, na ndege ndogo za visiwani na mbugani hushusha na kupakia abiria kituo kimoja hadi viwili. Muulize wakala wako maswali mawili: inaondoka saa ngapi, na inafika uwanja wa mwisho saa ngapi. Tofauti ya majibu hayo ndiyo muda wako halisi wa ndege.

Hesabu kutoka mlango hadi mlango

Sasa tuiweke safari nzima ya Mwanza mezani. Basi kutoka Ikwiriri hadi Mbagala Rangi Tatu litakula saa 3 hadi 4. Kutoka Rangi Tatu hadi uwanjani kwa bajaji au teksi, kwa foleni ya kawaida, weka saa 1. Kuwahi uwanjani kwa safari ya ndani, saa 2. Ndege, saa 1 na nusu. Kuteremka, kuchukua mzigo na kuingia mjini Mwanza, saa 1. Jumla ni saa 9 au zaidi kidogo. Ni siku nzima ya mchana, lakini bado ndege inashinda kwa mbali, kwa sababu basi la Dar es Salaam hadi Mwanza peke yake linakupitisha usiku njiani.

Lichukue sasa swali la Mtwara, na hapo utaona faida ya kuhesabu. Kutoka Ikwiriri hadi Mtwara kwa barabara ni kilomita kama 400. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara kwa ndege ni kilomita kama 400 vilevile. Anayetoka Ikwiriri kwenda kupanda ndege ya Mtwara anakwenda kilomita 160 kaskazini, anakaa uwanjani, halafu anarushwa kurudi kusini alikotoka. Akijumlisha basi, foleni, kusubiri, saa moja ya ndege na kuingia mjini, anapata saa 8 au 9. Basi linalopita Ikwiriri na kuvuka Daraja la Mkapa litamfikisha kwa saa 6 hadi 7, kwa nauli ndogo sana.

Haikuwa hivyo zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa kusini walisubiri kivuko cha Ndundu, na kipande cha kwenda Somanga kilikuwa cha matope wakati wa masika. Mtu mwenye uwezo alikuwa na sababu ya kwenda Dar kupanda ndege. Daraja lile la karibu mita 970, na lami iliyofuata baadaye, viliibadilisha hesabu. Hata hivyo barabara hii haijawa ya kuaminika siku zote. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Wakati wa masika, uliza hali ya njia kwa madereva wa siku hiyo kabla ya kuamua.

Mafia nayo ina hesabu yake. Kisiwa hicho kiko usawa wa Ikwiriri, upande wa mashariki, kilomita kama 75 tu kwa mstari wa moja kwa moja, na katikati kuna delta. Ndege ya dakika 35 kutoka Dar inavutia, lakini kwako ina maana ya kwenda hadi Dar kwanza, kisha kurudi kusini kilomita 125. Njia ya watu wa Rufiji ni Nyamisati: unapitia Kibiti, unachepuka Bungu, unashuka bandarini na kuvuka kwenda Kilindoni kwa boti au kwa kivuko cha MV Kilindoni cha TEMESA. Ulizia ratiba mapema kwa mtu aliyepo Nyamisati, na mwenye mgonjwa mahututi aombe ushauri wa daktari kwanza kuhusu kumvusha baharini.

Dodoma iko katikati. Ndege ni saa moja na kidogo, lakini tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma, Julai 2024, mtu anaweza kutoka Stesheni ya Dar es Salaam na kuwa Dodoma kwa muda usiofika saa 4 akipanda treni ya haraka. Ukijumlisha muda wa kuwahi uwanjani kwenye ule wa ndege, tofauti inabaki ndogo. Kwa mtu aliyetoka Ikwiriri asubuhi, nauli na saa ya kuondoka ndizo ziamue.

Kanuni inayotokana na mifano hii ni fupi. Ndege ina faida kwako pale unakokwenda ni ng'ambo ya Dar es Salaam na ni mbali: Mwanza, Bukoba, Kigoma, Kilimanjaro, nje ya nchi. Kama unakokwenda kuko kusini ya Rufiji au mbele yako baharini, tazama barabara na bandari kwanza.

Saa za tiketi na saa zetu

Hapa ndipo watu huachwa na ndege wakiwa na tiketi halali mkononi. Tiketi huandikwa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Shika kanuni tatu. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa 6: ndege ya 14:00 ni saa nane mchana. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18: ndege ya 21:00 ni saa tatu usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, jumlisha 6: ndege ya 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri.

Kundi hilo la tatu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linabeba na tarehe. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:30, maana yake ni saa sita na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 14. Unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 14, na uwe umetoka Ikwiriri asubuhi au mchana wa tarehe hiyohiyo. Anayetoka nyumbani tarehe 15 ameikosa ndege tangu usiku uliopita. Mwambie anayekukatia tiketi akuandikie pembeni, kwa maneno yetu: siku gani, saa ngapi, ya usiku au ya mchana.

Kwa safari za nje kuna jambo la ziada: kila saa kwenye tiketi ni saa ya mahali husika. Jeddah ipo karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, kilomita kama 3,160, na saa zake ni sawa na zetu, hivyo hujaji hana cha kurekebisha. Muda anaouona kwenye tiketi, kama saa 4 na nusu, ndio atakaokaa ndani ya ndege isiyotua njiani. Dubai na Muscat ziko mbele yetu kwa saa moja. Ndege ikiondoka Dar 17:00 na kufika Dubai 23:30, usiseme ni saa 6 na nusu. Toa saa moja ya tofauti, zinabaki 5 na nusu. Kwa umbali wa kilomita 3,980, kanuni yetu ya 800 inakupa jibu hilohilo. Mumbai, ambako wagonjwa wetu wengi hupelekwa, iko mbele kwa saa 2 na nusu na ni kilomita kama 4,680, kwa hiyo ukikaa hewani saa 6 utaona saa ya ukutani imesogea 8 na nusu. Mwenye kumeza dawa kwa saa maalumu amuulize daktari wake kabla ya safari azimeze kwa saa ipi.

Panga kwa kurudi nyuma

Usianze kupanga kwa kuuliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi. Anza na saa ya ndege, kisha rudi nyuma. Chukua ndege ya saa nane mchana. Uwe uwanjani saa sita. Utoke Rangi Tatu saa tano kamili, na ukipenda usalama, saa nne na nusu. Basi linahitaji saa 3 na nusu, basi uondoke Ikwiriri saa moja asubuhi. Ongeza saa moja ya akiba kwa pancha, vituo vya ukaguzi na foleni: toka nyumbani saa kumi na mbili. Kwa ndege ya kwenda nje ongeza saa nyingine, kwa kuwa unatakiwa kuwahi saa 3 kabla.

Hesabu hiyo inakuonyesha kwamba ndege yoyote ya ndani inayoondoka kabla ya saa saba mchana haikufai kama unatoka Ikwiriri siku ileile. Ukipata tiketi rahisi ya alfajiri, jumlisha kwenye bei yake nauli ya jana yake na gharama ya kulala Dar, kama huna ndugu Mbagala au Temeke. Mara nyingi ile tiketi ya mchana iliyoonekana ghali ndiyo itakuwa nafuu. Na unaporudi, epuka ndege inayotua jioni, maana utakuta mabasi ya Rufiji yamepungua na utalazimika kulala.

Ulizia pia jengo. Uwanja wa Julius Nyerere una majengo matatu ya abiria. La tatu, lililoanza kazi Agosti 2019, ni la safari za nje. La pili limekuwa la safari za ndani za mashirika makubwa. La kwanza, la zamani, ni la ndege ndogo, nalo liko kando na haya mawili. Mwambie dereva jina la jengo kabla hamjaondoka Mbagala. Mizigo nayo inapimwa: ndege kubwa za ndani kwa kawaida huruhusu kilo 23, lakini ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15 na mfuko laini. Mikeka, korosho na samaki wa kukausha uvipime nyumbani. Asali na mafuta ya nazi viweke kwenye mzigo wa kukabidhi, maana mkononi vimiminika vya zaidi ya mililita 100 huzuiwa katika safari za nje. Kitambulisho chako kiwe na jina lilelile lililoko kwenye tiketi, herufi kwa herufi.

Wakati wa msiba

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu linaumiza kuliko yote. Baba amefariki Ikwiriri usiku, mtoto yuko Mwanza, anapiga simu alfajiri: nimepata ndege ya saa nne asubuhi, nisubirini. Wazee wanasema ndege ni saa moja na nusu, basi tutazika baada ya Adhuhuri. Tuhesabu. Atatua Dar saa tano na nusu. Atatoka uwanjani saa sita. Kulivuka jiji hadi kuipita Kongowe, saa saba na nusu. Kwa gari ya kukodi isiyosimama vituoni, Ikwiriri saa kumi. Maziko ya baada ya Adhuhuri hatayawahi, atakuta watu wanaosha majembe. Maziko ya baada ya Alasiri, yakisogezwa kidogo kabla ya Magharibi, atayawahi, mradi gari iwe inamsubiri uwanjani.

Kama familia haiwezi kusubiri hadi hapo, aambiwe ukweli kabla hajalipa nauli. Atachagua mwenyewe kuja kwa ajili ya dua na kukaa na mama yake, au kuja siku ya pili kwa tiketi yenye unafuu. Kumwacha akimbie na tumaini ambalo hesabu ilishalikataa ni kumzidishia majonzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatuma fedha ya tiketi chukua karatasi na uandike mambo matano: saa ya kutoka nyumbani, saa ya kufika uwanjani, saa ya ndege kuruka, saa ya kutua, na saa ya kufika mlango wa unakokwenda. Kama umeshindwa kujaza hata moja, usilipe, uliza kwanza. Na kama jumla yake inazidi ya basi au boti, panda basi au boti bila kuona haya, na fedha iliyobaki umpelekee mwenyeji wako.